Lerionka, Mkata Mbelewele

Lerionka alipokuwa akipanda ule mwinuko unaotoka Ngaramtoni kuelekea mlimani, wanawake waliokuwa nje walianza kukumbuka kazi za ndani. Mmoja alikumbuka sufuria aliyoiacha jikoni, mwingine akamsikia mtoto ambaye hata hakulia, na wa tatu akajifunika khanga kichwani, akainama kwenye maharage yake kana kwamba anatafuta sindano. Akishapita, kazi za ndani ziliisha mara moja na maongezi ya uani yakaendelea pale yalipokatika.

Hakuwa mgambo, wala mtoza ushuru, na hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Alikuwa na sime, mabuti ya mpira, na simu ya kampuni yenye ramani. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba ndani ya mita mia nne kutoka shamba la mbegu hakuna hindi lolote linalochanua, isipokuwa mahindi ya kampuni yenyewe. Akilikuta, analing'oa. Kwa kazi hiyo alilipwa mshahara kuanzia mvua za masika mpaka mwisho wa Julai, na kwa kazi hiyohiyo hakuna aliyemkaribisha hata maji.

Shamba lenyewe lilikuwa na ekari arobaini, zamani lilikuwa la kahawa. Kampuni ilipanda humo mistari minne ya mahindi jike, kisha miwili ya mahindi dume, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mbelewele zilipoanza kutoka, lile shada linalokaa kileleni mwa hindi, vibarua walipita wakizing'oa za jike zote kabla hazijafunguka, ili jike apate chavua ya dume yule tu aliyepangiwa. Mbegu iliyopatikana hapo ndiyo ile chotara inayouzwa madukani kwenye mifuko ya kilo mbili. Sasa hindi la mama wa watu, lililojiotea zake nyuma ya choo, halijui mipango ya mtu. Likichanua, upepo unachukua chavua yake na kuipeleka popote. Ubaya wake ni kwamba hutaona kitu. Punje zitakuwa nene na nzuri, na aibu itajitokeza mwaka unaofuata, huko zilikopandwa.

Kwa hiyo kaya ishirini na saba zilizokuwa ndani ya mzunguko huo zilikubaliana na kampuni kwamba wakati wa masika zisipande mahindi. Zipande maharage, viazi au ngwara, na kampuni iwape mbegu na mbolea bure. Waliojua kuandika walitia sahihi, wasiojua wakaweka dole gumba. Hayo yalifanyika mwezi wa kwanza, jua likiwaka na ardhi ikiwa ngumu. Machi mvua iliponyesha na harufu ya udongo ikaingia ndani ya nyumba, mikono ya watu ikasahau ilichoandika. Huku mahali ambapo loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, bila mahindi ni maziwa tu, hilo lisimshangaze mtu. Wakaanza kupanda kwa kuficha, mashina manne katikati ya migomba, matano nyuma ya banda, na Lerionka akaanza kuyatafuta.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Mkewe, Silantoi, alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na mtoto wao mmoja, Violet, alifanya kazi Dodoma, akiishi huko na watoto wake. Ng'ombe aliwauza baada ya msiba kwa sababu hakukuwa na wa kuwakamua, na baada ya kuwauza aligundua kwamba hata sababu ya kuamka mapema ilikuwa imeuzwa pamoja nao. Jumapili Violet alipiga simu na kumwuliza kama amekula, naye alijibu amekula, hata kama tangu asubuhi alikuwa hajawasha moto. Jioni alifungulia redio. Habari zenyewe hakuzifuatilia, alitaka tu sauti ya mtu ndani ya nyumba.

Kazi ya kampuni aliipata kwenye semina. Ilifanyika ukumbi wa kanisa, na mtoa mada alikuwa Aikande, bibi shamba wa kampuni, mama wa Kichaga anayeishi Sekei, mwenye sauti ya kufundisha na subira ndogo. Aliuliza ni nani pale ukumbini ni mfanyabiashara. Mwenye kioski peke yake ndiye aliyenyoosha mkono. Akauliza ni nani amewahi kununua mbolea, ni nani ameuza gunia, ni nani amelipa bodaboda impelekee mahindi mashineni. Ukumbi mzima ukanyoosha.

"Basi nyote ni wafanyabiashara," alisema, "ila biashara mnaifanya mmefumba macho. Mnadhani kilimo ni jembe. Jembe ni katikati tu. Kabla ya jembe kuna anayetengeneza mbegu, kuna mwenye duka la pembejeo, kuna mwenye trekta, kuna anayekopesha. Baada ya jembe kuna lori, kuna ghala, kuna kinu, kuna anayefungasha unga, kuna mama ntilie pale stendi. Wote hao wanakula kwenye hindi moja, na wengi wao hawajawahi kulipanda. Hicho ndicho kilimo biashara. Kikiyumba, si mkulima peke yake anayelala njaa, hata kiwanda kinafunga mlango na vijana wanarudi nyumbani."

Lerionka, ambaye kwenye mikutano hukaa nyuma na kusinzia, siku hiyo alisimama. "Na mimi hapo niko wapi?" aliuliza. Watu wakacheka, maana walijua hana shamba la maana, hana ng'ombe wala mke. Aikande hakucheka. Alimwuliza kama anazijua boma zote za upande wa juu. Alijibu anazijua na majina ya mbwa wao. "Basi wewe, mzee, uko mwanzo kabisa," Aikande akasema. "Bila mtu wa kulinda mbegu, hao wengine wote hawana cha kufanya."

Neno hilo lilimwingia. Siku za gulio alisimama karibu na malori pale Ngaramtoni, akatazama magunia yakipakiwa, wapagazi wakitoa jasho, madalali wakidanganyana bei, mama wa chapati akiwauzia wote, akajiambia kimoyomoyo kwamba huo wote ni mkia na yeye ndiye kichwa. Hakuwa amekosea sana. Ila hakuna aliyemwonya kwamba kule mwanzo angekaa peke yake. Msimu wa kwanza aling'oa mashina mia na kitu, na kufikia Julai njia nzima ya juu ilikuwa imemnyamazia. Hata kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi kubwa.

Msimu wa pili, mwezi wa sita, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye migomba, simu ilimwonyesha kwamba amesimama mita mia tatu na kumi kutoka shambani. Nyumba iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya bibi mmoja anayeitwa Theresia, mjane wa miaka sabini na minne, ambaye mwanawe Lesian alikuwa Mwanza kwenye kiwanda cha samaki. Lerionka alimjua kwa mbali tu, kama mnavyojuana na mtu wa kanisa moja. Bibi hakukimbilia ndani. Alikuwa amekaa mlangoni na fimbo yake, akamtazama akija.

"Shikamoo, Yeyo," alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba. Umefuata mahindi?"

"Ndiyo, Yeyo."

"Njoo basi. Ni saba. Nimeyahesabu usije ukahangaika."

Alimpitisha kwenye migomba mpaka yalipokuwa. Saba kweli, yamenawiri, vilele vimevimba na mbelewele zinachungulia. Lerionka alimkumbusha kwamba aliweka dole gumba kwenye karatasi.

"Niliweka," Theresia alisema. "Halafu mvua ikanyesha."

Alisema hivyo kana kwamba maelezo yametimia, na kwa Lerionka yalikuwa yametimia. Akatoa sime. Ndipo bibi akamwuliza atakunywa chai kwanza au atang'oa kwanza, na Lerionka akajikuta anarudisha sime kiunoni.

Ilikuwa chai ya maziwa, na kiazi cha jana kilichochomwa tena kwenye makaa. Aliinywa polepole. Akiwa anakunywa akili yake ilianza kufanya kazi ambayo hakuajiriwa kuifanya. Aliwaza kwamba kosa si la hindi, kosa ni la mbelewele. Ukiikata kabla haijafunguka, hindi halina madhara kwa mtu, na gunzi lake litapata chavua inayopeperuka kutoka kwa madume ya kampuni, bibi atakula mahindi yake. Sheria ilisema ng'oa shina zima, kwa sababu hakuna mtu wa kuaminika kukata kila siku. Lakini yeye si alikuwepo?

"Nitakuwa ninapita kila asubuhi kuzikata," alisema, na masikio yakamwaka moto.

Naomba asije mtu akasema alikuwa hajui alichofanya. Alijua vizuri sana. Kama ni mahindi tu aliyoyafuata, angeyamaliza yote saba kwa dakika mbili.

Alikwenda asubuhi tisa. Kisha mbelewele zikaisha, na zilipoisha hakuwa na la kumpeleka kule tena. Miongoni mwa watu wake mwanamume mzima haendi kukaa uani kwa mjane bila shughuli, watu watauliza anatafuta nini, na ukweli ni kwamba hata yeye angeuliza. Kwa hiyo mwaka mzima ukapita. Kutoka kwake mpaka kwa Theresia ni mwendo wa nusu saa, na kwa mwaka mzima hakuutembea. Krismasi walikutana nje ya kanisa, wakasalimiana kama watu wasiokuwa na jambo, kila mmoja akashika njia yake. Usiku ule Lerionka alikula wali wa sikukuu amesimama, kwa sababu kuketi mezani peke yake kulimshinda.

Msimu wa tatu Juni ilipofika, alianzia kwa Theresia. Njiani alikuwa anaomba, na ninasema kuomba, kwamba bibi yule awe amevunja makubaliano tena.

"Kumi na tisa," Theresia alimwambia kabla hajaulizwa.

Asubuhi hizo zilikuwa njema. Alivua mabuti mlangoni, akakata zilizochungulia, akaketi. Maongezi yalianzia kwenye mahindi, kwamba lile la karibu na ukuta limechelewa, lile la pembeni linataka kukatwa kesho, kisha yakatoka hapo yakaenda kokote. Theresia alikuwa na kipaji cha kusengenya watu wote kwa usawa bila kumpendelea mtu, mchungaji akiwamo. Alimsimulia marehemu mumewe, dereva wa trekta la kahawa, ambaye alijua kupika kuliko yeye na alikuwa anaficha jambo hilo kwa wenzake. Lerionka naye alimtaja Silantoi. Alieleza jinsi alivyokuwa anacheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho, mpaka kichekesho chenyewe hakisikiki. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumwongelea mtu huyo kama aliyewahi kucheka. Kesho yake alikwenda na sukari nusu kilo.

Jumapili Violet alipouliza kama amekula, alijibu kwamba amekunywa chai kwa Yeyo Theresia. Violet akauliza huyo ni nani, na baba yake akaongea mpaka salio la mtoto likakatika.

Siku ya kumi na mbili mahindi yote kumi na tisa yalikuwa vipara. Lerionka alikata mbelewele ya mwisho, akaishika mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alirudi nyumbani akijua kwamba kinachofuata ni Juni nyingine, na mtu wa miaka sabini na mitano humwekei ahadi ya Juni nyingine. Aliogopa. Alipofungulia redio jioni, sauti ilimkera, akaizima.

Asubuhi alipanda hivyohivyo, akijiambia kwamba anakwenda kuhakikisha. Theresia alikuwa mlangoni.

"Pita nyuma ya banda," alisema, bila kumtazama.

Nyuma ya banda kulikuwa na mashina mengine kumi na mawili, mafupi kidogo, vilele ndiyo kwanza vinavimba. Mtu yeyote wa mahindi angeona kwamba yalipandwa siku kumi au zaidi baada ya yale ya kwanza. Lerionka alisimama akayatazama. Kisha akarudi uani.

"Haya ulipanda lini, Yeyo?"

"Baada ya yale."

"Kwa nini hukuyapanda pamoja?"

Theresia alichokoa makaa kwa muda. "Mwaka jana yaliisha upesi," alisema.

Lerionka alijua kwamba hapo ndipo pa kung'oa. Kule shambani ndevu za mahindi jike zilikuwa nje, zinangoja chavua, na Aikande alikuwa ameshawaambia kwamba mkaguzi wa serikali anaweza kufika siku yoyote. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna mtu mwingine aliyefanya kazi ya mikono, akainama na magoti mabovu, akafukia punje moja moja kwenye udongo wa baridi, ili yeye Lerionka apate sababu ya kuja. Alifurahi. Alifurahi mpaka akaona haya, akashika sime akaenda kukata mbili zilizokwisha kuchungulia.

Siku ya nne baada ya hapo akashikwa na homa. Ilimwangusha usiku na asubuhi hakuweza hata kufika mlangoni. Alitaka kumpigia Theresia amwambie azikate yeye, akakumbuka kwamba hana namba yake. Hawakuwahi kupeana, ingekuwa ya nini. Kwa siku mbili alilala chini ya mablanketi, akitetemeka, akihesabu kichwani zipi zitakuwa zimefunguka. Siku ya tatu simu ya kampuni ikalia.

"Mzee Lerionka, shikamoo," ilikuwa sauti ya Aikande. "Uko wapi? Njoo huku juu kwa Bibi Theresia."

Alipanda bodaboda, amejifunga shuka mbili. Nje ya uzio kulikuwa na gari la kampuni. Nyuma ya banda alisimama Aikande, na pembeni yake mwanamume mrefu mwenye kofia nyeupe, aliyejitambulisha kwa upole kuwa anaitwa Reginald, mkaguzi wa mbegu. Hakukuwa na haja ya kuonyeshwa. Majani ya mgomba yaliyokuwa karibu yalikuwa na vumbi la njano, na nyuki walikuwa kazini kwenye mbelewele tano zilizofunguka wazi. Upepo ulikuwa unatoka mlimani kuelekea shambani.

Theresia alikuwa ameegemea fimbo. Kabla Lerionka hajasema neno, alisema yeye.

"Huyu hajui kitu. Nilimficha. Nilimwambia yameisha, akaenda zake." Na akamkazia Lerionka macho, macho ya mama anayemwamuru mtoto anyamaze mbele ya wageni.

Reginald akageuka. "Mzee, ulikuwa unajua?"

Ilikuwa rahisi kutikisa kichwa. Kaya inayoficha inaondolewa kwenye orodha na jina lake linasomwa kwenye mkutano wa kijiji, basi. Lerionka aliliwazia jina la Theresia likisomwa mbele ya wanawake wale wanaokumbuka kazi za ndani, yeye mwenyewe akiwa amekaa upande wa kampuni na mabuti yake. Angebaki na kazi. Na kazi ingemkataza kukanyaga tena uani pale isipokuwa kwa kung'oa.

"Nilijua," alisema. "Nimekuwa nikizikata kila siku. Juzi nikaugua, hazikukatwa."

"Kwa nini hukuyang'oa?"

Jibu alikuwa nalo lote, tangu ukumbi wa kanisa mpaka kiazi cha jana. Lakini halikuwa jibu la kumwambia mtu mwenye kofia na fomu. "Nilizoea," akasema.

Aikande alimchukua pembeni, karibu na gari. Hakumgombeza, na hilo lilimwumiza. Alimweleza kwamba ekari sita za upande ule hazitakuwa mbegu tena, zitavunwa na kuuzwa kama mahindi ya ugali, na wale kina mama waliokuwa wamengojea kazi ya kuchambua mbegu zake hawataitwa.

"Mashina kumi na mawili tu, Madam," Lerionka alisema.

"Sheria haihesabu mashina, mzee, inahesabu mita." Akashusha sauti. "Kuna mtu yuko Sumbawanga. Atanunua mfuko wetu, ataufukia ardhini pamoja na ada ya watoto wake. Hajakuona wewe, hajaliona banda hili. Anachokiona ni lebo tu. Biashara yote hii, malori, vinu, maduka, imesimama hapo, kwamba yeye anaiamini lebo. Ile siku nilikuambia uko mwanzo, sikuwa nakupamba."

Lerionka angetukanwa angepata nafuu. Alimwona yule mtu wa Sumbawanga, akamwona akisimama kwenye shamba lililozaa nusu, hajui amemkosea nani, akajisikia mdogo kabisa. Alirudisha simu pamoja na ramani yake. Kisha, homa ikiwa bado mwilini, aliomba aachwe ayang'oe mwenyewe. Aling'oa kumi na mawili, akaenda kwenye migomba akang'oa na yale kumi na tisa yaliyokuwa yameanza kubeba. Theresia alikuwa ameingia ndani na mlango ulikuwa umefungwa.

Habari zilisambaa kabla gari halijafika lami. Wanawake wa njia ya juu sasa hawakukumbuka tena kazi za ndani. Walibaki nje, wakamsalimia, wengine kwa huruma, wengine kwa kuridhika ambako hawakujisumbua kukuficha. Susana, jirani ambaye kwa misimu mitatu alipanda mahindi kila mahali isipokuwa juu ya bati, alimwambia kutoka ng'ambo ya ua, "Pole, Baba Violet. Umekuwa mtu kama sisi." Kisha akaendelea kupepeta maharage yake, hakusema karibu. Kina mama wa kuchambua mbegu walipokutana naye gulioni waligeuza nyuso. Hakwenda tena kutazama malori.

Violet aliposikia alisema baba afunge nyumba, mwisho wa mwezi anakuja kumchukua akaishi Dodoma. Alisema kwa upendo, na Lerionka alitaka kukataa, lakini alipojiuliza anakataa kwa ajili ya nini hakupata cha kutaja. Akasema atafikiri.

Alifikiri siku nane. Ya tisa akaoga, akavaa viatu vya kanisani, akapanda mwinuko. Hakuwa na sime wala mabuti. Njia nzima alikuwa anatengeneza sababu, kwamba anatafuta ndizi za kununua, kwamba amesikia Lesian ametuma salamu, kwamba alisahau kamba. Alifika nazo zote zikiwa tayari mdomoni.

"Hodi, Yeyo."

"Nani?"

"Lerionka."

"Mahindi hakuna."

"Najua. Niliyang'oa mwenyewe."

Theresia alitokeza mlangoni, akamtazama kuanzia viatuni. "Sasa umefuata nini?"

Ndizi, salamu na kamba vilimwishia palepale. "Sijafuata kitu," alisema. "Nimekuja kukaa."

Bibi alijibu kwa hasira. "Mimi nilishasema nimekuficha. Nilishamaliza. Wewe ukanifanya mwongo mbele ya mtu wa serikali, na uzee wangu huu."

"Nisamehe, Yeyo."

"Keti."

Aliketi. Chai ililetwa. Na hapo ikajulikana jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitarajia, kwamba hawana la kusema. Mahindi ndiyo yaliyokuwa yakianzisha kila kitu, na mahindi hayakuwepo. Theresia alitazama ua, Lerionka akatazama viatu. Alisifia chai mara mbili. Wakati wa kuaga ulipofika wote walipata nafuu, na aliteremka ule mwinuko akiwa mpweke kuliko alivyoupanda, akiwaza kwamba Dodoma angalau kuna wajukuu.

Kesho yake alikwenda tena, kwa ukaidi tu. Theresia alilalamikia goti lake la kushoto, naye akalalamikia mgongo, wakafika mahali.

Siku ya tatu Violet alipiga simu asubuhi, akitaka jibu la Dodoma, na maongezi yakawa marefu. Lerionka alipofika juu jua lilikuwa limeshatoboa ukungu. Theresia alikuwa amesimama njiani, nje ya uzio, amejifunga khanga kwa hasira, akaanza kumfokea kabla hajamwamkia. Tangu saa moja, alisema, chai inapashwa na kupoa, inapashwa na kupoa, kuni zinakwisha, na mtu mzima haoni haya, anadhani watu hawana kazi nyingine isipokuwa kumtazamia njiani. Lerionka alisema shikamoo. Hakuitikiwa, maana bibi alikuwa bado hajamaliza. Alisimama hapohapo njiani, akamwacha agombe, na hakutaka amalize upesi.